Jembe la Posa na Tumbo la Mshenga

Ipo siku moja ambayo nikiikumbuka huwa nacheka kwanza, halafu nanuna, halafu nacheka tena. Ni siku niliyokaa kwenye kigoda, sebuleni kwa watu kule Hasamba, koti nimelifunga vifungo vyote, jembe jipya liko sakafuni mbele yangu, wazee wa upande wa binti wamenikodolea macho, na tumbo langu likaamua kuhutubia.

Mwanangu, usicheke bado. Ngoja nikueleze jambo la jembe, maana usipolielewa hutaelewa mateso yangu.

Katika ukoo wetu, mshenga akienda kuposa hubeba jembe. Hulilaza chini mbele ya wazee wa binti, huyasema aliyotumwa, kisha hungoja. Wakiliokota, wamekubali. Wakikusukumia, umekataliwa, beba chuma chako uende zako. Lakini likiwa bado liko chini, mshenga habanduki. Hatoki kupokea simu, hatoki kutema mate. Na la kwenda chooni ndilo kabisa halitajwi, kwa sababu choo cha ukweni mtu wa upande wa mume hukizunguka kwa mbali kama makaburi. Mababu waliliweka hivyo. Sijui mababu walikuwa na matumbo ya namna gani.

Aliyenituma ni Isaya, mtoto wa marehemu kaka yangu Yohana. Yohana alipoondoka, mimi mdogo wake nikawa ndiye baba aliyebaki. Kijana amempenda binti wa watu, Neema, mwalimu wa chekechea, mpole, anacheka kwa adabu. Isaya akaniambia, "Baba mdogo, sina mwingine wa kunisemea. Ukiharibu wewe, nimeharibikiwa mimi." Ndivyo nilivyokwenda Hasamba nikiwa nimebeba maisha ya mtoto wa watu kichwani na upepo wa ajabu tumboni.

Huo upepo ulikotoka ndiko kwenye kisa chenyewe.

Mimi shule niliishia darasa la tano, nikafuata malori. Nilianza utingo, nikawa kuli, mwisho nikawa dalali wa mahindi, mguu mmoja Tunduma, mguu mwingine Mlowo. Wewe unaijua Tunduma. Foleni ya malori inalala pale mpaka dereva anasahau sura ya mkewe, na mtu aliyekwama kazi yake ni kula. Nani alikuwa anawasindikiza mezani? Mimi. Jioni kitimoto cha kukaanga, mafuta yanachuruzika hadi kwenye kiwiko. Asubuhi chapati na supu inayong'aa juu kama dizeli iliyomwagika kwenye dimbwi. Nikajiona nimenawiri. Shingo ikanenepa, nikadhani ndiyo baraka.

Kaka yangu Yohana naye alikuwa hivyo hivyo. Siku moja alianguka katikati ya mistari ya kahawa yake, akawa ameondoka kabla hatujamgeuza. Watu wakasema amerogwa, wakamtaja jirani. Mimi nikaamini, na yule mzee wa watu sikumsalimia msimu mzima. Halafu zamu yangu ikafika. Nimesimama kwenye mizani Mlowo, tunapima mahindi, kifua kikabana kana kwamba mtu ameniegemeza gunia na hana mpango wa kuliondoa. Jasho la baridi, mkono wa kushoto mzito. Nikawasikia makuli wanaambizana, "Mbebeni taratibu, huyu si gunia!" Jina langu ni Lazaro, mwanangu, na siku hiyo nilikaribia kabisa kulifanyia kazi.

Hospitalini wakanirudishia uhai. Nilipopata nguvu ya kukaa, daktari akanieleza. Alikuwa binti wa umri wa mwanangu wa kwanza, miwani mikubwa, sauti ndogo. Akasema mishipa yangu imeganda mafuta kwa ndani kama bomba la maji machafu la hoteli, na kwamba yawezekana kaka yangu alikufa kwa hicho hicho, maana huwa kinatembea kwenye damu ya ukoo. Nikamkumbuka yule jirani. Nikaona haya hata ya kulala chali.

Akanipa vidonge vya moyo, na kimoja cha kupunguza mafuta ya damu, kila siku jioni, na si kwa wiki moja bali kwa safari ndefu. "Hiki cha mafuta kinaweza kukusumbua tumbo kidogo mwanzoni," akasema. "Wengine linajaa gesi, wengine choo kinakuwa kigumu, wengine kinakuwa chepesi. Likizidi, usikiache mwenyewe, baba. Rudi tuongee." Nikaitikia kwa heshima zote. Na hilo neno la kurudi nikaliacha pale pale mlangoni.

Tumbo halikuchelewa. Lilianza kwa kujaa, kama nimemeza mpira wa miguu. Mara linafunga, mara linafungua bila hodi. Na gesi, mwanangu! Nilikuwa nikiinama kuangalia mizani, makuli wanakimbia wakicheka. Wakanibatiza jina, Jenereta. "Jenereta limewaka, umeme umekatika wapi?" Hata madereva wa Zambia, watu wa heshima ambao hawakuiti bila kukutangulizia neno la adabu, nao wakaanza. "Ba Jenereta, mulishani?" Wananijulia hali huku wamebana pua.

Sasa niwataje wabaya wangu, kwa sababu mimi sifichi majina. Hao makuli nimewasamehe, walikuwa wanacheka tu. Ila mbaya mwenyewe ni Ezekia. Ezekia ni shemeji yangu, ndugu wa tumbo moja na mke wangu. Akiyasoma haya ajue ni yeye, asitafute Ezekia mwingine. Mtu huyu hajawahi kuugua hata jino, lakini ana dawa ya kila ugonjwa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wa kwako unaukata mgongo, yeye anauona kama pamba.

Alinikuta nimekunja uso barazani, nikamweleza. Hilo nalo ni la kujiuliza, kwamba kwa daktari niliona aibu, kwa Ezekia sikuona.

"Shemeji," akasema, akivuta kiti kama anayelipwa, "hiyo dawa ni kali, inapigana na tumbo. Inataka kitu kichungu cha kuisukuma. Mimi nina mbalungi nyumbani."

"Balungi?"

"Balungi, bwana. Kama chungwa, ila kubwa, na uchungu wake ule ndio dawa. Kamua glasi asubuhi, glasi jioni, na ile ya jioni umezee kidonge. Tumbo litanyooka kama barabara ya lami."

Nikanywa. Mke wangu akauliza, "Umemuuliza daktari?" Nikamjibu, "Tunda nalo la kumuuliza daktari?" Nikanywa na kuendelea kunywa, na Ezekia akawa ananiletea kwa kapu, hata pesa hataki, wema umemjaa. Tumbo badala ya kunyooka likawa njia ya tope ya Momba wakati wa masika. Na juu yake misuli ya mapaja ikaanza kuuma kana kwamba nimelima shamba zima. Ezekia akaja na neno jipya. "Basi hivyo vidonge ndivyo vinakuua. Vitupe. Pumzisha mwili." Siku hiyo tulikuwa tunakwenda Hasamba. Nikaviweka mfukoni mwa koti na kuapa moyoni kwamba nikimaliza posa navitupa. Nilishaona heri kifua kubana mara moja kwa mwaka kuliko kuitwa Jenereta kila siku ya Mungu.

Sasa tumerudi kwenye kigoda. Kushoto kwangu Ezekia, aliyekuja kama msindikizaji wangu. Mbele yangu wazee, na katikati yao bibi mzaa baba wa binti, Bibi Eliza, mwanamke mdogo wa umbo, amejifunga kitenge kifuani na sweta juu yake, maana baridi ya Mbozi haina mchezo. Nikasema maneno yangu mazuri. Tumekuja kuomba jiko, tumeona moshi wa nyumba hii unakwenda juu bila kupinda. Nikatulia wayatafakari.

Ndipo tumbo likaongezea lake. Grrrruuu. Refu, lenye mkato katikati, kama lori linabadilisha gia kwenye mlima.

Mzee mmoja akakohoa. Nikakaza miguu. Likasema tena, na tena. Ezekia akaninong'oneza, "Vumilia, jembe liko chini." Kana kwamba silioni! Jasho likaanza kunitoka kwenye baridi ile, na macho yangu yakabaki kwenye lile jembe kama ya mtu anayesubiri kivuko.

Bibi Eliza akaweka kikombe chake chini.

"Mshenga," akasema, "wewe umesema mara moja, tumbo lako limesema mara tatu. Nimsikilize nani?"

Watu wakacheka kwa pua.

"Nisamehe, bibi. Ni... ni safari."

"Kutoka Mlowo? Hiyo ni safari ya kulisha kuku. Inuka uende chooni."

"Bibi, jembe liko chini."

"Jembe halina haraka. Wewe unayo. Pita nyuma ya migomba, mlango ni ule wa bati."

Niliondoka pale bila kuaga, mwanangu, nikivunja mila za mababu kwa hatua ndefu. Na nikuambie ukweli, mababu hawakunifanya kitu.

Nilipotoka, mwepesi kama karatasi, nikakumbuka kiapo changu. Nikaingiza mkono mfukoni, nikatoa vile vidonge, nikageukia shimo. Nyuma yangu nikasikia, "Hicho unachotaka kukizika chooni kwangu ni nini?"

Bibi Eliza amesimama na kopo la maji ya kunawia.

Sikuwa na uongo wa karibu. Nikamweleza yote, kifua, kaka yangu, kidonge, balungi, makuli. Nilitegemea ataniambia pole. Hakuniambia pole. Alinimiminia maji mikononi polepole huku akisema, na sauti yake naisikia mpaka leo:

"Baba wa kijana huyu amekufa. Wewe ndiye baba aliyebaki. Na wewe unataka kumfuata kwa sababu umechekwa na wabeba magunia? Kwa hiyo mjukuu wangu nimpeleke kwenye nyumba ambayo wanaume wanaona aibu ya choo kuliko aibu ya kaburi?"

Nikabaki nimenyoosha mikono, inachuruzika.

"Daktari alisema likizidi ufanye nini?"

"Nirudi."

"Ukarudi?"

"Nilikwenda kwa Ezekia."

"Ezekia ni daktari?"

"Ni shemeji yangu, bibi."

Akanitazama kama mtu anayetazama mbuzi aliyejifunga kamba mwenyewe. Akachukua vidonge mkononi mwangu, akavifuta kwa kitenge, akavirudisha mfukoni mwa koti langu na kuupigapiga mfuko. Tukarudi ndani.

Mbele ya wazee wote akasema, "Mshenga ametuvunjia heshima, ameinuka jembe likiwa chini. Ana faini."

Wazee wakaitikia. Faini ya kuku hiyo inajulikana. Ezekia akaanza kuingiza mkono mfukoni.

"Kuku ataleta," akasema Bibi Eliza. "Lakini faini yenyewe ni nyingine. Aende kwa daktari wake amwambie lile tumbo lilivyosema hapa, neno kwa neno, bila kuruka. Arudi atuambie alivyojibiwa. Hili jembe halikubaliwi na halikataliwi. Litaegemea ukuta ule mpaka arudi. Sitoi mtoto kwa ukoo unaoficha magonjwa."

Basi ikawa hivyo. Posa ya watu wawili wanaopendana ikaning'inia kwenye utumbo wangu.

Isaya alikuwa anatungoja Mlowo, kwenye kibanda cha chai, suruali imenyooshwa. Aliniona nikishuka kwenye bodaboda, akaja mbio.

"Baba mdogo, wamekubali?"

"Wamesema niende hospitali."

"Nani anaumwa?"

"Mimi."

Akamtazama Ezekia. Ezekia akatazama malori. Kijana akakaa chini kwenye benchi, akasema. "Baba naye alikuwa anasema ni uchovu." Halafu akaniuliza kama nitakwenda kesho yake au hata leo hii. Uso ule, mwanangu, ulinipiga kuliko maneno ya bibi. Nikaona kwamba hakuwa anahesabu siku za harusi. Alikuwa anahesabu baba waliobaki.

Nikaenda. Yule binti daktari akanikaribisha, "Shikamoo baba, habari za tumbo?" Nikasema nzuri. Ulimi ndivyo ulivyozoea. Halafu nikakumbuka jembe lililoegemea ukuta.

"Hapana, si nzuri. Daktari, nina upepo."

"Upepo upi, baba?"

"Ule... ule wa nyuma."

Nilidhani paa litaniangukia. Hakucheka. Akavuta kiti karibu, akaniuliza mambo ambayo hata mke wangu hajawahi kuniuliza. Choo kigumu au chepesi? Kinakuja mara ngapi? Kina damu? Kimekuwa cheusi? Kidonge nakinywa na nini, kabla ya chakula au baada? Misuli inauma? Mkojo umekuwa na rangi ya chai ya rangi? Nikajibu yote, neno kwa neno kama nilivyoagizwa, hata ile sauti ya lori kwenye mlima nikamwigizia. Hapo akacheka, na mimi nikacheka, na aibu ikatoka nje yenyewe bila kusindikizwa.

Nilipofika kwenye balungi, akaweka kalamu chini.

"Balungi kila siku?"

"Asubuhi na jioni. Ya jioni ndiyo ninayomezea."

"Baba, hapo ndipo kwenye kesi. Mwili wako huwa unakivunjavunja kidonge na kukitoa kidogo kidogo. Balungi linauzuia usikivunje. Wewe wa Tunduma utanielewa. Ni kama lori limezuiwa mpakani halijatoka, na kila jioni unaleta jingine nyuma yake. Dawa imejazana mwilini. Ndiyo maana tumbo limezidi, ndiyo maana na misuli inauma."

Foleni! Mimi, mtu niliyezeeka kwenye foleni, nimepanga foleni ndani ya damu yangu mwenyewe, na mpanga foleni ni Ezekia na kapu lake. Kikulacho ki nguoni mwako, na changu kilikuwa kinaniletea na matunda.

Akanipima damu kuona kama ini na misuli vimeumia, akakuta ni salama. Akaniambia niachane na balungi kabisa. Hicho kidonge nikinywe na maji, baada ya chakula cha jioni, si tumbo tupu. Nipunguze mafuta, kwa sababu tumbo lenye kazi ya vyakula vya kukaanga na kazi ya dawa kwa pamoja lazima lilalamike. Nile mboga za majani, maharage, uji wa ulezi, lakini niongeze pole pole, nisivamie sufuria la maharage siku moja nikaja kulalamika tena. Maji ya kutosha, na kutembea baada ya kula, si kula na kuanguka kitandani. Nirudi tena.

Nilirudi. Misuli ilikuwa imenyamaza, na tumbo lilikuwa limepungua kelele, bado limebaki la kunung'unika kidogo kama mke aliyekusamehe nusu. Akasema, "Hilo lililobaki nalo halina sababu ya kukaa." Akanibadilishia kidonge, aina nyingine inayofanya kazi ile ile. Mwanangu, mimi sikujua hata kama vipo vya aina nyingine! Nilidhani ni hicho ama kaburi. Kumbe muda wote ule njia ilikuwepo, na nilichotakiwa ni kufungua mdomo. Hicho cha pili tukaelewana nacho mpaka leo. Makuli wakaanza kunilalamikia kwamba godauni limepoa.

Nikatafuta jogoo mwekundu mwenye mkia, tukapanda tena Hasamba. Ezekia akaja vile vile, kwani msindikizaji habadilishwi katikati ya posa, vinginevyo ningembadilisha kwa furaha. Nilimwambia tangu asubuhi, "Leo usile vitu vya njiani." Akanijibu tumbo lake ni la chuma, na pale stendi akanunua kitimoto, akala mbele ya macho yangu, akajilamba na vidole.

Sebule ile ile, kigoda kile kile. Jembe likatolewa ukutani likalazwa chini. Nikatoa taarifa yangu kwa wazee kuanzia upepo mpaka foleni ya malori, sikuruka kitu. Nikaona mzee mmoja kati yao ananisikiliza amekunja shingo, na baadaye alinivuta pembeni akaniuliza jina la kliniki kwa sauti ya chini. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mmoja akisema, wengine hupata mlango.

Bibi Eliza akainua kidole. "Nyamazeni wote. Tusikilize tumbo."

Sebule ikanyamaza. Kuku nje wakanyamaza. Na mimi nikamwomba Mungu wa Yohana kaka yangu.

Kimya.

Halafu, grrruuuu.

Watu wote wakanigeukia. Nami nikageuka taratibu upande wangu wa kushoto, maana sauti ilitoka huko. Ezekia amekaa, jasho linamtiririka kwenye paji, miguu imekazwa, macho yako kwenye jembe.

"Vumilia, shemeji," nikamnong'oneza. "Jembe liko chini."

Nimeshaambiwa kanisani kwamba kufurahia mateso ya mwenzio ni dhambi. Ile nitaijibu nikifika kwa Mungu.

Bibi Eliza alicheka mpaka akafuta macho kwa kitenge. Kisha akainama, akaliokota jembe kwa mikono yote miwili, akalikumbatia kifuani. Vigelegele vikaanza jikoni, ambako kumbe Neema alikuwa amesimama nyuma ya mlango muda wote. Na Ezekia alipoona tu jembe limeinuka, akatoka mbio kwenda nyuma ya migomba, bila kuuliza njia.

Siku hizi Isaya na Neema wana nyumba yao, na kila nikienda kula kwao, Neema ananitengea chakula changu bila mafuta mengi, na akishatoa vyombo huniwekea glasi ya maji mezani bila kusema neno. Najua anangoja nini. Nakitoa kidonge, nakimeza akiona, ndipo anakwenda kukaa. Na Ezekia? Alipimwa. Mafuta yamemjaa kuliko mimi, akapewa kidonge kama changu cha kwanza. Juzi kaja barazani, kavuta kiti, kaniuliza, "Hivi shemeji, kile kitumbo ulikifanyaje?" Nikamjibu, "Kata mbalungi, kisha nenda kamuulize daktari." Sijamsamehe, lakini nilimsindikiza mwenyewe mpaka kliniki. Mtu wa kumnunia nitampata wapi akifa huyu?

Basi, mwanangu, sikia sasa la kushika. Mimi si daktari, ni mtu aliyenusurika tu, na neno langu halipiti la daktari wako. Ukipewa dawa ya mafuta ya damu, wewe au mzazi wako, na tumbo likaanza ukorofi, lisikutishe. Matumbo mengi hulalamika mwanzoni, kisha huzoea. Lisipozoea, usikiache kidonge kwa siri, na usikipunguze kwa akili yako, maana yale mafuta hayana kelele kama tumbo. Yanafanya kazi kimya, na Yohana hakusikia hodi. Rudi kwa aliyekupa. Mwambie unakula nini na unanywa nini, hata dawa za mizizi na matunda ya shemeji. Mwambie na lile la aibu, tena hilo liwe la kwanza. Na ukiona misuli inauma bila kulima, au mkojo umekuwa wa rangi ya chai, au macho yamekuwa ya njano, au choo kina damu, usingoje siku ya kliniki, nenda siku hiyo hiyo. Mila nazo ziheshimu, lakini mila iliyotungwa na wenye afya isikuue wewe mgonjwa. Waliotuachia jembe walitaka tuzae, hawakutaka tufe tumekaa kwenye vigoda.

Mungu akupe tumbo tulivu na moyo usiochoka. Akupe bibi mkali wa kukuumbua kabla kifo hakijakuumbua, na shemeji mwenye mti mmoja tu wa matunda. Uwaone wajukuu wako wakibeba majembe yao. Na popote utakapoketi, hata iwe ukweni, hata jembe likiwa chini, akupe ujasiri wa kuinuka na kuuliza choo kiko wapi.